Barua ya wazi kwa waheshimiwa mnaotaka tuzae zaidi

Waheshimiwa, habari za majukumu. Wengi wenu mmenizidi umri kwa mbali kwa hiyo shikamooni kwanza, na hilo la umri wenu lenyewe ni sehemu ya ninachotaka kusema ila tutafika huko taratibu.

Nisiwadanganye, naandika nikiwa nimechoka. Wiki iliyopita nilimpeleka mama kwenye uhakiki wa wastaafu, ile shughuli ambayo mzee wa miaka 79 anapanga foleni ili amthibitishie karani kwamba bado hajafa. Mama siku hizi anasahau, akisahau anauliza, ukimjibu anasahau tena, kwa hiyo masaa matatu mazima nilikuwa namweleza tumefuata nini pale, na kila nikimweleza anacheka, anasema "kwani hawanioni?" Karani mwenyewe mvi kichwa kizima. Nikaanza kuangalia ile foleni, kila mzee ana mtu mmoja wa kumshika mkono, na huyo mtu ni wa umri kama wangu, arobaini na kitu hamsini na kitu, wengi wanawake, na wote tunachungulia simu kwa sababu kazini tumeaga masaa mawili na la tatu ndio hilo linakatika.

Mama kwao walizaliwa wanane. Bibi alipozeeka walipokezana, huyu mwezi huu yule mwezi ujao, na bado waligombana. Mimi na dada tuko wawili tu. Dada yuko nje, na kazi anayofanya huko nje ni kulea wazee wa watu wengine kwa sababu nchi aliyokwenda imeishiwa vijana. Kwa hiyo ukipiga hesabu vizuri mama yangu kabaki na mtoto mmoja, na huyo mtoto mmoja naye ana mtoto mmoja. Sasa nikifika 79 mimi, kwenye ile foleni nitashikwa mkono na nani?

Ndio maana nikisikia mheshimiwa jukwaani anasema vijana wa siku hizi ni wabinafsi, wanapenda starehe, hawataki kuzaa, huwa nazima redio.

Tupige hesabu kidogo, haichoshi. Ili taifa libaki na idadi ileile bila kutegemea wageni, kila mwanamke kwa wastani anatakiwa azae watoto 2.1, wawili wa kuziba nafasi ya baba na mama, na hiyo nukta moja ni kwa ajili ya wale ambao hawatafika utu uzima, pia kwa kuwa wavulana wanaozaliwa huwa wengi kidogo kuliko wasichana. Ukishuka chini ya hapo hakuna kengele inayolia, na ubaya wa hii kitu uko hapohapo. Korea Kusini mwaka 2023 walifika 0.72. Chukua watu wazima 100, nusu wanawake, kwa kiwango hicho watapata watoto 36, na hao 36 wakienda mwendo uleule watapata wajukuu kama 13. Watu mia, wajukuu kumi na tatu, na hapo hakuna vita wala njaa wala tauni, watu wanaishi tu maisha yao ya kawaida. Mwaka 2024 kiwango kikapanda hadi 0.75 watu wakashangilia.

Na msidhani ni habari ya Korea peke yake. Bulgaria ilikuwa na watu karibu milioni 9 mwishoni mwa miaka ya 1980, sensa ya 2021 ikakuta milioni 6.5, wengine hawakuzaliwa na wengine walipanda ndege. China ilianza kupungua mwaka 2022, mara ya kwanza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Thailand tangu 2021 wanaokufa ni wengi kuliko wanaozaliwa, na Thailand si tajiri, yaani wamezeeka kabla hawajashiba. Hata kule ambako watu wanadhani wanazaa bila breki mambo yanabadilika, Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa watoto kama 8 kwa mwanamke, mwaka 2022 ilikuwa 3.4. Umoja wa Mataifa kwenye makadirio yake ya 2024 unasema dunia nzima itafika kilele, kama watu bilioni 10.3, katikati ya miaka ya 2080, kisha ianze kushuka. Kwa hiyo mheshimiwa unayesoma hii ukasema "sisi bado", sawa, bado, ila kuna siku foleni itafika na kwako.

Kuna mtu atasema si bora tupungue, ardhi ipumue, magari yapungue barabarani. Mimi namwelewa. Idadi yenyewe wala hainilizi, nchi ya watu milioni 80 inaweza kabisa kuishi vizuri ikiwa na milioni 60. Kinachonitisha ni kasi, na umbo. Taifa linalopungua halipungui kama maji kwenye ndoo, linapungua kwa chini, watoto wanaisha kwanza, halafu vijana, juu wanabaki wazee wengi na katikati wachache waliobeba kila kitu. Japani mwaka 1950 kila mzee wa miaka 65 na kuendelea alikuwa na watu kama 12 wa umri wa kufanya kazi. Sasa hivi ana kama wawili. Wawili hao hao ndio wanalipa kodi, ndio manesi, ndio madereva wa ambulensi, ndio mnataka wazae pia, na jioni ndio wanampigia mama simu kumkumbusha dawa.

Chanzo sasa. Hapa ndipo mnapenda kurahisisha. Sehemu kubwa ya sababu ni mambo mazuri, na ningependa mlitamke hilo kabla ya kumlaumu mtu. Watoto wameacha kufa ovyo, kwa hiyo mama hana haja ya kuzaa saba ili wapone wanne. Wasichana wamesoma. Uzazi wa mpango upo. Watu wamehamia mjini, na mjini mtoto si mkono wa ziada shambani, mjini mtoto ni ada na kodi ya chumba cha pili. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka kuyarudisha hayo nyuma, na yakishatokea hata mpige ngoma vipi watu hawarudi kwenye watoto sita. Hiyo ni sawa. Ila kutoka watoto sita kwenda wawili ni habari moja, na kutoka wawili kwenda chini ya mmoja ni habari nyingine, na hii ya pili ina saini zenu chini yake.

Niwape kisa cha Japani maana naona kinafundisha kuliko takwimu zote. Mwaka 1966 ulikuwa mwaka wa farasi wa moto kwenye kalenda yao ya zamani, na kuna imani kwamba msichana aliyezaliwa mwaka huo atamletea mumewe balaa, basi watu wakakwepa kuzaa, vizazi vikaanguka kwa karibu robo, kiwango kikawa 1.58. Mwaka uliofuata watu wakaendelea na shughuli zao kama kawaida. (Huo mwaka wa farasi hurudi kila baada ya miaka 60, yaani 2026 ndio huo tena, sijui safari hii kuna aliyebaki wa kuogopa.) Sasa mwaka 1989 kiwango kikawa 1.57, chini ya mwaka wa ushirikina, na hakukuwa na ushirikina wowote. Takwimu zilipotoka 1990 nchi nzima ilishtuka. Idadi ya watu ilikuja kufika kilele kama 2008. Walikuwa na miaka kama 18 ya onyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndio, ila hawa ufa ulitangazwa mpaka kwenye magazeti.

Na walikuwa na bahati ambayo nchi nyingi hazina. Kati ya 1971 na 1974 Japani walizaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kila mwaka, kundi kubwa kweli kweli. Kundi hilo likiingia kazini, likapata kazi ya kueleweka, likaoa na kuolewa, lingezaa kundi lingine kubwa miaka ya 1990 na 2000, na kila aliyejua kuhesabu alikuwa analisubiri. Halafu walipomaliza shule uchumi ulikuwa umeshaanguka, makampuni yakafunga milango, vijana wakapewa vibarua vya mkataba wa miezi kadhaa, leo upo kesho haupo, na wale waliopata ajira ya kudumu wakafanyishwa kazi mpaka usiku wa manane. Sasa nani anaoa kwa mkataba wa miezi sita? Kundi hilo lingine halikuja. Waliokuwa waje kuwa wazazi leo wana miaka hamsini na kitu, hawakuzaa, na huwezi kuwaomba msamaha ukawarudishia miaka ya thelathini. Mwaka 2024 Japani walizaliwa watoto kama 686,000 tu.

Hicho kisa mkisome mara mbili. Tatizo halikuanzia kwenye mioyo ya watu, lilianzia kwenye mkataba wa kazi. Na waliofanya uamuzi ule wa kuokoa mizania ya makampuni kwa kuwatosa vijana walishastaafu zamani, na pensheni yao sasa inatafutwa kwa watoto ambao wao wenyewe walizuia wasizaliwe.

Saa ya uzazi inazunguka kwa miaka thelathini, saa ya uchaguzi inazunguka kwa miaka minne au mitano. Mimi nadhani ugonjwa wote uko hapo, mengine ni dalili. Korea Kusini kiwango kilishuka chini ya 2.1 mwaka 1983 hivi, lakini kampeni ya serikali ya kuwaambia watu wapunguze kuzaa iliendelea zaidi ya miaka kumi baadaye, yaani gari limeshaanza kuteremka mlima na dereva bado anakanyaga mafuta. Singapore walihimiza watu waishie watoto wawili, mwaka 1987 wakageuka wakasema kama uwezo unao zaa watatu au zaidi, sasa hivi hata mmoja kwa mwanamke hawafiki. China walishikilia mtoto mmoja kuanzia 1980 mpaka 2015, kisha wakaruhusu wawili, na 2021 watatu, na watu wakatazama tangazo wakaendelea na mambo yao. Ukimfundisha mtu miaka 35 kwamba familia ni watu watatu, akijenga nyumba atajenga ya watu watatu.

Wapo kati yenu wanaowaza njia ya mkato, nawasikia, eti tubane uzazi wa mpango, tubane hospitali. Romania walijaribu. Kiongozi wao Ceaușescu mwaka 1966 alipiga marufuku utoaji mimba karibu wote, mwaka uliofuata kiwango kikaruka kutoka 1.9 hadi 3.7, nadhani alipongezana na wenzake. Halafu watu wakajifunza kukwepa, kiwango kikashuka tena mwaka baada ya mwaka, ila maelfu ya wanawake walikufa kwa kutoa mimba vichochoroni, na serikali ilipoanguka 1989 dunia ikaona hali ya watoto waliojazana kwenye vituo vya yatima. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea, na yule bwana aliamuru kuzaa, kulea hakukupangia chochote.

Hela je? Hela inasaidia kidogo, nisiseme uongo. Hungary wamemwaga hela nyingi, kuanzia 2020 mama wa watoto wanne hakatwi kodi ya mapato maisha yake yote, kiwango kikapanda mpaka kama 1.6 mwaka 2021, halafu kikashuka tena chini ya 1.4 mwaka 2024. Wengine wanasema wale waliopanga kuzaa baadaye walizaa mapema tu ili wawahi ofa. Na Finland, ambako likizo ya uzazi ipo na chekechea zipo, kiwango mwaka 2024 kilikuwa kama 1.25. Kwa hiyo naomba mtu asinijibu kwamba mkijenga chekechea kumi tatizo limeisha. Jengeni chekechea kwa sababu watoto waliopo na mama zao wanazihitaji, basi, hiyo peke yake inatosha kuwa sababu.

Ninachowaomba ni tofauti. Kubalini kwamba uzee unakuja na hauahirishwi, maana watu watakaokuwa na miaka 70 mwaka 2050 wote wameshazaliwa, majina yao mnayo, wengine tayari wanalalamika magoti. Hakuna kitu kwenye utawala kinachotabirika kama hiki, mvua hamuijui, bei ya mafuta hamuijui, ila wazee mnawajua mmoja mmoja.

Pensheni, kwa mfano. Watu wengi wanadhani makato yao yamewekwa kwenye kabati yanawasubiri. Kwenye mifuko mingi hela ya anayefanya kazi leo ndio inamlipa aliyestaafu leo, na wewe utalipwa na atakayekuwepo, kama atakuwepo. Mfumo wa pensheni ya taifa ulianzia Ujerumani ya kansela Bismarck mwaka 1889 na umri wa kulipwa ulikuwa miaka 70, na enzi hizo wengi hata hawakufika huko, kwa hiyo ulikuwa mfuko mzuri sana, unapokea toka kwa wengi unalipa wachache. Sasa Japani wana utaratibu, anayefikisha miaka 100 serikali inampa kikombe cha fedha. Mwaka 1963 walipoanza, wenye miaka 100 nchi nzima walikuwa 153. Mwaka 2016 wakaacha kutoa kikombe cha fedha tupu, wakaanza kutoa cha kupaka fedha juu tu, na 2024 wenye miaka 100 na zaidi walikuwa wamepita 95,000. Mimi kile kikombe cha kupaka huwa nakifikiria sana. Hakuna aliyewadanganya wale wazee, kikombe wamepewa, ila ndani yake si kile kilichoahidiwa, na naogopa pensheni yangu itakuwa ya kupaka vilevile.

Mtasema basi tuongeze umri wa kustaafu. Ufaransa mwaka 2023 walipitisha sheria ya kuusukuma kutoka 62 hadi 64, watu wakajaa barabarani kwa miezi. China wameanza 2025 kusogeza taratibu, wanaume kutoka 60 hadi 63, wanagawanya kwa miaka 15 ili isiume kwa mkupuo. Hiyo ya taratibu naona ina akili kidogo. Lakini mimi nakaa kwenye kiti na kompyuta, naweza kufika 67 nikilalamika tu, fundi anayepanda ngazi na zege begani hawezi, na anayemwinua mzee kitandani kila siku mgongo wake hauna miaka hiyo. Ukiweka umri mmoja kwa wote umemwonea yule yule aliyeanza kazi na miaka 17. Na wale ambao hawajawahi kukatwa hata shilingi maana kazi zao hazina mwajiri, hao hata umri wa kustaafu hawana, wanastaafu siku wakianguka.

Halafu kuna hii kazi ya kulea isiyoandikwa popote. Yule mwanamke wa hamsini na kitu kwenye foleni ndio mfuko wenu wa hifadhi, mnajua hilo? Anafanya bure, anapunguza masaa ya kazi, anapunguza michango yake ya pensheni, kisha akizeeka mnamwambia michango yako haikutosha. Ujerumani mwaka 1995 na Japani mwaka 2000 walianzisha bima ya utunzaji wa muda mrefu, watu wanachangia na wakizeeka wanapata mtu wa kuja nyumbani, si kamili, ina makato na mapengo yake, lakini angalau waliandika kwenye sheria kwamba kumwogesha mzee ni kazi. Na hata huko bado polisi wa Japani walihesabu watu kama 76,000 waliokutwa wamefia nyumbani peke yao mwaka 2024, wengi wao wazee. Roboti za kumwinua mzee kitandani zimeshatengenezwa naambiwa, sawa, ila roboti ya kumjibu mama swali lilelile mara ya arobaini bila kukunja uso sijaiona, hata mimi mwenyewe ikifika mara ya ishirini huwa natoka nje kidogo.

Na dada yangu na wenzake. Nchi tajiri zinawachukua manesi na walezi waliosomeshwa kwa kodi za nchi maskini, wanapewa vibali vya muda mfupi, watoto wao wanabaki nyuma wakilelewa na bibi. Wanaitwa kuziba pengo la uzazi halafu masharti ya kibali yanawazuia wao wenyewe kuishi na watoto wao, jamani. Mkimtaka mtu aje awalelee wazazi wenu mpeni makaratasi ya kuishi na familia yake. Na msijidanganye kwamba bomba hilo halikauki, huko wanakotoka nako watoto wanapungua.

Sasa lile la umri wenu. Taifa likizeeka wapiga kura nao wanazeeka, na mgombea si mjinga, anaongea na aliye wengi. Bajeti inaegemea kwa wazee, shule inafungwa kijijini kwa kuwa wanafunzi hawafiki kumi, baada ya shule basi linapunguza safari, kisha zahanati, na kila mkifunga kitu kijana mmoja wa mwisho anapata sababu ya kuondoka. Japani sensa ya nyumba ya 2023 ilikuta nyumba tupu milioni 9. Simsemi mzee vibaya, mama yangu ndio huyo, ila mezani kwenu ninaona mvi nyingi na simwoni mtu hata mmoja atakayekuwa hai kulipa hilo deni mnalosaini. Wekeni hata sheria moja, kila bajeti ije na ukurasa unaosema uamuzi huu utamgharimu nini mtu atakayekuwa na miaka 30 miaka thelathini ijayo, na ukurasa huo usomwe kwa sauti bungeni, na mwandishi wake asiwe mwanasiasa.

Mimi sijakataa kuzaa, nilitaka wawili. Wa pili tulimwahirisha mpaka mkataba uwe wa kudumu, mkataba ukaja nina miaka 41, na daktari alikuwa mpole sana alipokuwa ananieleza. Kwenye takwimu zenu mimi ni moja iliyokosa kuwa mbili. Kabla ya kutuuliza kwa nini hatuzai, waulizeni walio kama mimi walitaka wangapi, kisha mtafute ni nini kilikaa katikati.

Mama ana uhakiki mwingine baada ya miezi sita. Tutakuwa kwenye foleni ileile, upande wa kushoto ambako angalau kuna benchi, mkiwa na jibu mtanikuta hapo.